Sahani ya Bati na Hatua Sabini

Jumamosi, 4 Mei

Matundu matano, na kifuniko kimoja cha soda kinayaziba yote! Hatua mia mbili! Nimerudi na karatasi yangu ya shabaha nikaibandika ukutani juu ya meza ya kazi, kando ya zile kumi na moja. Mke wangu amepita na beseni la nguo, akaitazama, akauliza kama nguruwe naye huwa anasimama kwenye karatasi. Ukioa muuguzi usitegemee sifa. Kwao mtu akipumua tu, inatosha.

Nilipiga nimekaa kitini, bunduki juu ya meza, mifuko miwili ya mchanga chini yake. Pumzi polepole, triga polepole. Sajini ndiye anayetunza uwanja wa shabaha — mama mnene, mstaafu wa jeshi, anafuma sweta mchana kutwa na pamba masikioni. Ananiita Bwana Milimita. Haya. Mimi fundi saa, nisipojali milimita nitajali nini?

Mama mkwe kapiga simu jioni. Nguruwe pori wameingia tena shambani, mistari mitatu ya mahindi imelala chini. Kibali changu cha kuwinda kinaisha tarehe 31. Nikamwambia bado nafanya mazoezi. Akasema haya mwanangu, hakuna neno. Angenifokea ningejisikia nafuu.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji, kaka yake mke wangu, amekuja dukani kubadilisha betri ya saa. Amekaa saa nzima! Yeye ni muuza nyama na anaongea kama ana wateja kumi kwenye foleni. Mazoezi ni kuharibu risasi, anasema. Nguruwe ana ukubwa wa kabati, sasa kabati unalikosaje? Yeye bunduki yake huifyatua mara moja kwa mwaka, siku ya kuwinda yenyewe. Eti mimi mwaka jana nilikosa kwa sababu nafikiri sana. Nikacheka naye.

Sasa niandike, maana hakuna mwingine anayejua. Sikukosa. Nilikuwa nimepanda kilima mbio, nahema, nimesimama wima, naye nguruwe yuko hatua mia na hamsini. Nikafyatua hivyo hivyo. Alijikunja, akaingia porini. Nikaona damu kwenye majani. Niliifuata mpaka kijitoni, mvua ikaanza, damu ikapotea. Nikageuka. Nilipofika nyumbani kwa mama mkwe nikasema nimekosa. Akanimiminia chai, nikainywa! Mnyama yuko mahali fulani na risasi yangu mwilini, mimi naomba sukari.

Kwa hiyo zile karatasi kumi na mbili si za kujivunia. Ni adhabu. Nilijiapia sitamwelekezea mnyama bunduki tena mpaka niwe sikosei kabisa. Na kila Jumamosi naona bado.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe kapiga tena: mistari saba sasa. Nimesema bado kidogo. Nimechoka na hilo neno.

Jumamosi, 18 Mei

Leo! Sijui nianzie wapi.

Mke wangu alikuwa na siku ya mapumziko, akasema anataka kuona hiyo meza inayompokonya mume kila wiki. Shemeji naye akajialika na bunduki yake. Tulipofika, mke wangu akatoa kwenye kapu sahani ya bati, ile tunayofunikia sufuria. Akamwambia Sajini moyo na mapafu ya nguruwe ni upana kama huu, mwambie huyu aipige hii. Sajini akaweka sweta chini. Sijawahi kumwona akiweka sweta chini.

Akaihamisha meza. Akanituma nikimbie mpaka kwenye ua wa mwisho na kurudi, halafu nisimame nipige. Kaka, anasema, porini huendi na fanicha.

Hatua mia mbili, risasi tano: sifuri. Sifuri! Sahani inang'aa kama imetoka dukani. Mia na hamsini, moja kati ya tano, na hiyo ilikwaruza ukingo. Mia, tatu. Miguu inatetemeka, jasho machoni, darubini ya bunduki inacheza ngoma yake peke yake. Nilitaka kufunga virago niende zangu. Mwaka mzima wa Jumamosi, na yote niliyojifunza ni kupiga karatasi nikiwa nimekaa!

Shemeji kacheka mpaka akakohoa. Basi Sajini akamkaribisha yeye, hatua hamsini tu, na bila kukimbia. Ya kwanza, vumbi. Ya pili, vumbi. Ya tatu ikang'oa kigingi cha shabaha ya jirani, dhiraa nzima pembeni! Ikaja kujulikana kuwa bunduki ilimponyoka kwenye pikipiki miezi minane iliyopita, darubini ikapinda, naye hajaijaribu hata siku moja. Hata kabati angelikosa. Sajini kamwambia asimwelekezee kiumbe chochote kitu hicho mpaka kitengenezwe. Shemeji kimya! Niliombea kimya hicho miaka kumi na leo hata sikufurahia, maana angeweza kujeruhi kama mimi.

Kisha Sajini akanirudia mimi. Akanipa fimbo ya kuegemeza bunduki, akaniambia nipige goti moja. Mbio, goti, pumzi mbili, piga. Tukaisogelea sahani kidogo kidogo. Tisini, tatu kati ya tano. Themanini, nne. Sabini, tano. Akasema rudia. Tano tena! Matundu yametawanyika ovyo, jingine juu, jingine karibu na ukingo. Karatasi ya namna hiyo ningeichana kwa aibu.

Nikasema ni mabaya haya. Sajini akasema kila moja lingemlaza hapohapo, nguruwe hatakuja kupima kwa rula. Sabini ndiyo kipimo chako. Zaidi ya hapo huwindi, unabahatisha. Na risasi kumi za goti kila wiki zinatosha, hizo nyingine unamtajirisha muuzaji tu. Halafu akaokota sweta lake. Mkamia maji hayanywi, akasema, akaendelea kufuma.

Nimebandua karatasi zote. Sahani nimeitundika. Mke wangu anasema nimnunulie nyingine. Najisikia mwepesi jamani! Kumbe sikutakiwa niwe sikosei kabisa. Nilitakiwa nijue nitakosea wapi.

Jumanne, 21 Mei

Nimemwambia mke wangu ya mwaka jana. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Hakuacha. Alipomaliza kola akasema alijua kuna kitu, mtu aliyekosa hanyamazi wiki tatu. Ila usinieleze mimi, anasema, nguruwe hakuwa shambani kwangu. Kamwambie mama.

Kumwambia mkwe kwamba nilimdanganya usoni! Heri nikimbie mpaka kwenye ua wa mwisho mara mia.

Ijumaa, 24 Mei

Nimesema. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Nikasema yote kwa mkupuo, macho sakafuni. Mama, mwaka jana sikukosa, nilimjeruhi nikamwacha, nikakudanganya.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema: Najua. Nilimkuta.

Asubuhi ya pili yake alivuka kijito kutafuta kuni. Nguruwe alikuwa amelala ubavu nyuma ya gogo, hatua kama arobaini kutoka pale nilipogeuka. Arobaini! Alikuwa ameenda tu akaanguka, mama anasema, hata majani hakuyachimbua kwa miguu. Nyama ilikuwa imeshaharibika. Akamzika kwa jembe, peke yake, na mgongo wake ule.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Wewe ulishasema umekosa. Nikuumbue mkwe wangu? Na mimi nilinyamaza kwa sababu yeye ni mkwe wangu. Mwaka mzima tunaheshimiana, kila mtu na nguruwe wake kifuani!

Nililia. Sioni haya kuandika. Niliona kama mtu amenishushia gunia mgongoni. Nguruwe hakuzunguka porini siku nyingi na maumivu, kama nilivyokuwa nikimwona kila nikilala. Lakini hatua arobaini zitabaki kwangu. Shabaha haikuwa kosa langu kubwa. Nilirudi mapema.

Mama akauliza sasa napiga umbali gani. Sabini, nikasema. Wala hakucheka. Alitaka tukapime mara moja. Tukahesabu kutoka kwenye rundo la mabua mpaka sabini, tukaweka jiwe, akalipaka chokaa mwenyewe. Akasema nguruwe akishapigwa hakuna kurudi nyumbani mpaka aonekane, mvua au jua, chai nitakuletea hukohuko. Nikaapa.

Jumamosi, 25 Mei

Saa kumi na moja jioni. Nimeketi nyuma ya rundo la mabua. Shemeji yuko kando yangu, mikono mitupu — darubini yake iko kwa fundi. Upepo unatoka porini kuja kwetu. Naandika ili kidole kikae mbali na triga.

Wametoka! Wanne. Dume mbele, ubavu wote wazi. Kweli ni kabati. Yuko hatua mia. Mabua yanavunjika, nayasikia hapa.

Shemeji ananiminya bega. Piga, ananong'ona, unangoja akupe mkono? Mstari wa nane huo umekwenda. Mama mkwe amesimama mlangoni, anaona kila kitu.

Tisini. Mwaka jana ningekuwa nimeshafyatua. Kifua kimetulia, nashangaa mwenyewe. Goti liko tayari, fimbo iko tayari.

Themanini. Amesimama, anatafuna.

Anakuja. Anakuja — kasimama tena. Pua iko juu ya chokaa, bega bado halijafikia jiwe. Bado nusu hatua, nanong'ona. Shemeji anauliza nusu hatua ni kitu gani, wewe?

Nusu ni nusu. Penseli bado iko mkononi.