Sura Niliyoiweka Pangoni

Papa Amisi,

Nimekaa kwenye benchi lako la kazi. Ni asubuhi, mvua inanyesha Makiso nzima, na sidhani kama kuna mtu atakayekuja. Najua usingependa. "Hapa tunachonga, hatuandiki," ungesema, kisha ungepuliza vumbi la mbao karatasi yangu ianguke chini. Lakini nyumbani mama ataniuliza ninamwandikia nani, na kwenye meza ya komite siwezi kukuandikia wewe. Sina uso huo.

Mwaka unakaribia kwisha tangu ufariki, na mimi Fonsi, uliyenifundisha kushika patasi, sijafika kaburini kwako hata mara moja. Nimepita jirani na hapo mara tatu. Mara zote tatu nilikumbuka ghafla kwamba nina shughuli mahali pengine.

Nikupe habari kwanza. Waasi wameondoka mjini, na bustani ya michezo wanataka kuifungua tena. Wale farasi kumi na wawili wa mbao uliowachonga enzi za Wazungu, waliokuwa wakizunguka na watoto mgongoni, wote walichomwa kuni za kupikia mihogo. Kimebaki kichwa kimoja, nacho hakina masikio. Reli ya treni ndogo ipo, imeota majani. Na lile pango la saruji ambalo treni hupita ndani yake limesimama vilevile, kwa sababu waasi walilifanya ghala.

Komite imetandika mpango mpya mezani, karatasi kubwa kama shuka. Reli itaongezwa mpaka ukingo wa mto. Patajengwa maporomoko madogo ya saruji yenye mitego kama ya kwetu wavuvi wa Kigenia, watoto wavute kikapu na kutoa samaki wa mbao. Baba yangu mvuvi aliposikia alicheka mpaka akakohoa: "Maporomoko ya Wagenia wanaiweka mu bafu?" Farasi hawatarudi, badala yao watakuwa okapi, tembo na mamba. Pango litarefushwa mara tatu, liitwe Pango la Historia. Na mlangoni pa pango wanataka ile sura ya mwenye fimbo niliyoichonga, ingali humo ndani, isimame, kubwa mara mbili ya ilivyo, na mkono wa fimbo unaopanda na kushuka.

Prezida wa komite aliniwekea mkono begani. "Fonsi, ile tu ndiyo watu wanakumbuka. Bila ile, hakuna pango. Bon, we ndiye chef wa atelier sasa."

Chef wa atelier, mkuu wa karakana! Nililitamani neno hilo miaka tisa yote niliyochonga kwato na mikia chini yako. Nilipolipata, niliangalia karatasi ya mpango badala ya uso wake.

Papa, niache niseme yote, hata unayoyajua.

Wazungu walipojenga lile pango, ndani waliweka Mwarabu wa plasta aliyeletwa kutoka Ulaya, ndevu nyeusi, fimbo mkononi, na watu wa plasta wamefungwa minyororo miguuni pake. Mbele yake alisimama askari mzungu mwenye bunduki, mwokozi. Treni ilipita, watoto wakapiga kelele, basi. Hakuna aliyemfananisha yule Mwarabu na mtu yeyote wa mjini. Alikuwa zimwi tu.

Ikaja dipanda, uhuru wetu. Komite mpya ikachukua bustani na kusema kila kitu kibadilike, kiwe chetu. Askari mzungu akatolewa. Mahali pake wangewekwa watu wetu wenyewe wakivunja minyororo. Hilo lilikuwa zuri, na wewe ulisema ni zuri. Lakini mwenye fimbo walitaka abaki, tena achongwe upya kwa mbao, kwa sababu yule wa plasta alikuwa amevunjika taya.

Ulisimama mbele yao na kofia yako mkononi. Nilikuwa nyuma yako, nimebeba boksi la vyombo. Ukasema: "Wale Waarabu walifanya mabaya, mimi sikatai. Babu yangu alikuja nao hapa. Lakini bibi yangu aliletwa na kamba mu shingo. Donc mimi niko upande gani mu pango yenu?"

Walicheka, Papa. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaotaka kwenda kula. Ukaongeza kwamba wewe huchongi sura ya mtu, dini yako haikuruhusu, hilo walilijua. Kisha ukasema neno lililonichoma: "Na Fonsi naye asichonge ile."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sura za watu ulikuwa umeniachia mimi, kidogo kidogo, sanamu za kanisani na vinyago vya madukani, na nilijiona bingwa. Nikasikia kama umenifunga kwa kamba mbele za watu. Jioni ile prezida aliponiita pembeni, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kwa miaka yote hii nimewaambia watu kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Miaka tisa nimekaa ng'ambo ya benchi nikitazama uso mmoja, basi mkono ukachonga uso unaoujua. Ni kweli kwa siku mbili za kwanza. Gogo lilikuwa la tola, mti laini, tezo ilikwenda vizuri, na paji la uso likatokea lenyewe. Lakini siku ya tatu ikatokea pua. Pua yako, Papa, yenye kile kigongo pale ubao ulipokupiga. Nikaweka patasi chini. Nilijua. Nilikuwa na nafasi ya kuipunguza ile pua kwa mapigo manne tu.

Prezida akaingia wakati huo, akatazama, akasema, "Eh, Fonsi! Huyu iko muzima!" Nikaichukua patasi tena. Nikamalizia ndevu zako na mikunjo ya macho yako, na mdomo nikaufungua wazi unapiga kelele, kwa sababu ndivyo walivyotaka. Na pale kwenye mdomo sikuwa nimesahau chochote. Nilikuwa nakukasirikia na nilifurahia.

Siku ya kufungua, treni ya kwanza iliingia na watoto wanapiga mayowe. Ikatoka wanacheka. "Papa Amisi! Papa Amisi iko ndani na fimbo!" Watu wazima nao wakapanda kwenda kuhakikisha. Na mimi, niliyekuwa nimesimama kando ya reli na shati jipya, nilicheka pamoja nao.

Ulikuja siku ya tatu, saa za alasiri. Ulikaa ndani ya kile kigari cha watoto, magoti yakikufika kifuani, kofia yako kichwani. Ukaingia pangoni. Nilitaka kukimbia nikaona nitaonekana. Ulipotoka ulinijia polepole, nikajiandaa kwa kofi, kwa tusi, hata kwa laana. Ukasema tu, "Sikio ya kushoto iko juu kidogo." Ukaenda zako, na hukukanyaga tena pale bustanini.

Afadhali ungenipiga.

Mjini wakakuita Papa Fimbo. Watoto walikufuata sokoni wakiinua vijiti. Nilisikia umeacha kwenda sokoni, kisha nikasikia unakwenda msikitini kwa njia ya nyuma, ile ya mitaro. Wewe, uliyependa kusalimia kila mlango mpaka adhana ikukute barabarani! Nilisikia hayo yote nikaendelea kuchonga. Nilijiambia watu watazoea.

Waasi walipoingia na kila mtu akawa anatafuta pa kwenda, mimi niliwachukua mama na dada zangu tupande treni ya Ubundu. Nilipita kwako. Nakushukuru ulinifungulia nusu mlango. Nikakuambia twende wote, wewe na mkeo Mama Sifa. Ukatazama nyuma yangu, barabara imejaa watu wenye mafurushi. "Nenda, mutoto. Mimi kupita pale gare mbele ya wale watu wote, hapana." Ulikuwa unakohoa. Sikubishana nawe. Niliogopa ningekaa pale kidogo zaidi ungesema sababu yenyewe.

Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyetuletea habari Ubundu. Alisema kifua, dawa hakuna, siku sita. Alisema walikuzika watu wanne. Wewe mwenye marafiki kila kona, watu wanne. Sijui kama kuja nasi kungekuponya. Kila ninapoanza kujitetea na hilo naona haya, kwa sababu swali si kifua chako. Swali ni kwa nini mtu mzima aogope kupita kituo cha treni cha mji wake.

Tuliporudi, ingawa nyumba yako iko mitaa mitatu tu kutoka kwetu, ilinichukua miezi minne kuifikia. Nimeifikia juzi, baada ya ule mkutano wa mpango mpya. Mama Sifa alinikaribisha, akanipa kiti chako. Nikakaa pembeni ya kiti. Nikamweleza kila kitu, hadi ile pua. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo, hakuacha kuchambua. Mwishoni akasema, "Nipeleke nimuone."

Tulikwenda mchana. Niliwasha taa pangoni. Alifuta vumbi kwa ncha ya liputa, kitenge alichojifunga, paji la uso, kisha ndevu. Unajua hukuacha picha hata moja, hukutaka kupigwa. "Iko yeye," akasema. "Lakini ule mudomo hapana. Miaka makumi tatu, hakunifungulia mudomo vile hata siku moja."

Nililia, Papa. Nikamwambia nitaichoma. Akasema, "Mbele ya macho yangu unamuchoma?" Nikasema basi nitaipeleka kwake, aihifadhi. Akanikemea: sanamu haiingii nyumbani kwa mwislamu, na yeye aliishi nawe mwenyewe, hana haja ya mti. Nikasema nitaitoa kimyakimya, kesho, niseme mchwa wameila.

Hapo ndipo alipokasirika. "We ulimuweka mbele ya watu. Umutoe mbele ya watu. Na useme kwa nini."

Jumamosi komite inauonyesha mpango kwa watu wote langoni pa bustani. Muziki utakuwepo, na watoto wa shule. Mimi ndiye chef wa atelier, mimi nitavuta kitambaa watu waone sura itakayorudiwa kwa ukubwa. Nimeomba tezo iwe karibu, wamedhani ni kwa ajili ya picha. Nitavuta kitambaa, nitataja jina lako lote na jina la baba yako, nitasema wewe ni nani na mimi nilifanya nini nikijua. Kisha nitaanza na ule mdomo. Nitachonga kuelekea ndani mpaka libaki gogo tupu ambalo halifanani na mtu. Mama Sifa amesema atasimama mbele kabisa. Prezida atanifukuza siku hiyohiyo, na huenda watoto watapata jina la kuniita. Naogopa sana. Nimefanya mazoezi ya maneno yale hapa peke yangu na sijayamaliza hata mara moja.

Kaburini nitakuja Jumapili, si kabla.

Kwaheri, Papa Amisi, fundi wangu. Kama huko uliko ulikuwa umeanza kunisamehe, nakuomba uache kwanza. Ngoja Jumamosi ipite.

Fonsi