Nilimnyima mume wangu bia kwa ajili ya macho yake, kumbe mgonjwa ni mimi

Da Mwavita mpendwa, naomba unisaidie kabla sijagonga mtu, maana nguzo nimeshagonga. Mimi ni mwanamke wa biashara, nina depo ya mawese kule Zone Industrielle, nilianza na bidoni moja ya mafuta kichwani, shule yangu iliishia darasa la tano lakini kwa hesabu hakuna wa kunidanganya, au ndivyo nilivyofikiri. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, daktari mmoja mzungu wa Mutanga Sud aliuza vitu vyake arudi kwao, nikanunua frigo, nikadai nyongeza kama kawaida yangu, akanipa kisanduku chenye kipima presha ya jicho, kidude cha chuma cha kushika mkononi, mtu analala chali, unamtia tone la ganzi, unakisimamisha juu ya jicho, sindano inaonyesha namba. Kulikuwa na karatasi ya kueleza hizo namba, nikaitupa, mi nielezwe namba na karatasi?

Nikapima nyumba nzima. Mimi, Libère akinishikia, nikapata moja na nusu, mume wangu Libère akapata sita, mara nne yangu. Nikamwambia, "We Libère, hilo jicho litapasuka kama tairi." Nikamkataza bia, kahawa, chumvi, hata kuinama kufunga viatu, naye kwa upole wake akatii, akaanza kutembea sebuleni amefumba macho, eti anajizoeza upofu mapema. Jirani yangu Hyacinthe akapata mbili, nikampongeza.

Wiki jana nikaenda kwa daktari wa macho kutafuta dawa ya Libère, nikamtajia namba zetu kwa maringo. Akanilaza, akanipima mwenyewe.

"Apana, mama. Namba ndogo ndiyo mubaya. Jicho gumu halibonyei, sindano haitembei."

"Mbaya kwa nani?"

"Kwako."

Da Mwavita, depo kwangu tunapima nafasi iliyobaki juu ya pipa, namba ikiwa ndogo pipa limejaa, na kibarua akikosea hapo namfokea mpaka mtaa wa pili wasikie. Jicho langu la kushoto halioni tena pembeni na daktari anasema kilichopotea hakirudi, ndiyo maana nguzo ya geti nimeigonga mara mbili kwa kamioneti ya mizigo nikimlaumu fundi aliyeijenga. Nimepewa matone ya kulinda kilichobaki, nayatia kwa siri chooni, mengi yanaishia sikioni, na Libère akiona mashavu yamelowa ananikumbatia: "Usilie, Spe, mi bado naona." Nitamwambiaje mtu huyu kwamba ni mzima? Na kamioneti bado naendesha, mteremko wa Gihosha naujua kwa kichwa.

Spéciose, Gihosha (jina si langu, aibu ni yangu)

Dada Spéciose,

Pole kwa jicho. Kwa aibu sikupi pole, hiyo umeitafuta.

Nilicheka kwenye tairi, nikaacha kucheka kwenye Hyacinthe. Umemtaja kwa mstari mmoja ukampita. Ana mbili, dada. Wewe una matone, yeye ana pongezi zako. Nenda kwake leo, umpeleke kwa daktari huyo huyo, na kila uliyempima umwambie maneno yako yalikuwa upuuzi, akapimwe na mwenye kazi yake. Chuma kutoka jicho la huyu kwenda la yule, nani alikiosha? Shukuru hujamtoboa mtu. Kisanduku mpe daktari, wala usimwombe kitu.

Kamioneti mpe dereva. Mteremko uko kichwani mwako, lakini mtoto anayevuka kutoka kushoto hayumo.

Libère unaogopa atakucheka. Atakucheka, na ana haki. Lakini soma tena barua yako: mtu anajizoeza giza kwa sababu wewe umesema, halafu anakufuta machozi ambayo si machozi. Kila siku unayonyamaza anaishi na hofu ambayo ni yako. Usitafute maneno matamu. Jioni hii sema, "We ni mzima, mgonjwa ni mimi," kisha mpe chupa ya matone, ulale chali na usimwelekeze. Chooni peke yako dawa inaingia sikioni, na dawa ya sikioni haiponyeshi jicho. Akitaka bia mnunulie, ila tone litangulie, mkono ukiwa bado imara.