Soksi za Byabato na Titi la Uzi

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Sasa hivi Queen amechukua titi la uzi mezani, amelinyonya, amelitoa mdomoni, ameligeuza, amelinyonya upande wa pili, kisha amelitupa kwenye beseni la dagaa. Halafu akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu dukani. Nimemwachisha kunyonya juzi tu. Sijui kama nimeharibu.

Linanuka dagaa. Nitalifua.

Niandike vizuri, nisije nikasoma daftari hili uzeeni nikadhani nilikuwa kichaa. Sisi akina mama wa Buswelu tuna kikundi. Mkubwa wetu ni dada Hellen, alikuwa nesi, amestaafu. Kila Alhamisi tunapeleka uji na sabuni hospitali kwa wagonjwa wa saratani, hasa waliotoka visiwani na hawana ndugu mjini. Hela ya sukari na unga tunaipata kwa kufuma vitambaa vya makochi. Mimi shule niliishia kidato cha pili lakini kufuma najua. Sasa dada Hellen ametufundisha kufuma matiti, ya akina mama waliokatwa. Unaanza na duara dogo, unaongeza, unaongeza, unajaza pamba, unafunga. Mtu anaweka ndani ya sidiria. Basi.

Hilo la Queen ni la kujifunzia tu. La kwanza la kweli namfumia mama mkwe. Hajui.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mume wangu Byabato ameuliza tena soksi zake. Kila jozi imebaki moja. Amesema mwizi wa nyumba hii ana mguu mmoja.

Soksi najua ziliko. Ziko chumbani kwa mama yake.

Mama ni mwalimu mstaafu, wa Bukoba. Alikuja kufanyiwa upasuaji mwezi wa sita, tangu hapo anakaa kwetu. Akawa anajaza soksi ya mwanawe ndani ya sidiria, na ukimwangalia haraka huoni kitu. Mpaka ile Jumapili ya Agosti. Amesimama nje ya kanisa na wazee, ananyoosha mkono kumsalimia mtu, soksi ikateremka, ikaanguka chini. Mzee Maige akaiokota. Akaipangusa vumbi. Akasema kwa ile sauti yake ya mnadani, "Mwalimu, umeangusha soksi."

Hakuwa na nia mbaya. Mzee Maige nia mbaya hana. Na sauti ndogo hana.

Tangu siku hiyo mama hatoki. Kanisani haendi, sokoni haendi, na tarehe yake ya Septemba ya dripu ya dawa ya saratani ilipita yuko kitandani anasema tumbo. Zimebaki dripu mbili. Daktari amemwambia Byabato kwamba akiruka tena, kazi yote ya nyuma inaweza kupotea na ugonjwa ukarudi. Tarehe mpya ni Jumanne ya 22. Byabato akamwambia mama yake. Mama akasema, "Nimesikia."

Kwa mama, nimesikia maana yake siendi.

Lakini soksi bado zinapotea. Kwa hiyo bado anajaribu, huko ndani, mbele ya kioo. Mtu aliyekata tamaa haibi soksi. Hapo ndipo ninaposhika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shida ni kipimo. Huwezi kumuuliza mama mkwe. Nimechukua blauzi yake kwenye nguo za kufua, nikaingiza bakuli la uji upande uliobaki na umbo la titi. Dogo. Nikaingiza la mboga. Kubwa. Nikaingiza la Queen la plastiki. Sawasawa.

Byabato akaingia. Akauliza, "Unafanya nini?"

Nikasema, "Napima titi la mama."

Akatoka. Nimemsikia nje akichomelea geti ambalo alilimaliza jana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo wodini mama mmoja wa Ukerewe alipewa titi na dada Hellen. Akaligeuza, akaliweka, akajitazama kwenye dirisha. Hakusema asante wala nini. Akaomba uji wa pili. Dada Hellen anasema hiyo ndiyo asante.

Nikarudi na moyo. Nikabisha kwa mama, nikapiga magoti, nikasema shikamoo mama. Marahaba. Nikamwekea mbele, limefungwa kwenye kitambaa. Akafungua. Akavaa miwani. Akahesabu mistari ya uzi kama anasahihisha.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Iweke kwenye kabati."

Nikaiweka kwenye kabati.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kabatini halipo.

Jioni mama ameniita. Yuko nalo. Anasema ni jepesi. Akitembea linapanda. Akiinama kuokota kitu linafika begani. Alikuwa anasema huku anatazama ukuta, kama anausomesha ukuta. Nikamwambia mama, nitaliongezea uzito. Jikoni kulikuwa na choroko. Nimefumua upande mmoja, nimetia choroko kikombe, nimelifunga na pamba yake. Amelivaa, ametembea mpaka dirishani na kurudi. Halipandi.

"Sasa hili lina adabu," akasema.

Nimelala na furaha.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama ameniita tena. Safari hii amesimama, amelishika mbali na mwili, kwa vidole viwili.

"Mama Queen. Njoo uangalie. Limeota."

Kweli limeota. Vijani vimetoka kwenye matundu ya uzi, vidogo, vyeupe, vimepinda shingo. Jumapili jasho lililiingia, akalifua. Hakulianika kambani, aliona aibu majirani wataliona. Akaliweka chini ya kitanda, kwenye beseni, amelifunika na taulo. Pamba, maji, choroko, giza.

Nikalipokea. Yeye akavua miwani, akaifuta.

"Miaka yote nimefundisha watoto kuotesha mbegu kwenye pamba," akasema. "Wengine zilikuwa zinaoza. Mimi bila hata kutaka, zimeota."

Kisha akacheka. Tangu mwezi wa sita sijamsikia. Byabato akakimbia kutoka nje akidhani mama yake analia, akaliona titi lenye majani, akageuka akarudi alikotoka.

Queen amekula vijani viwili kabla sijamwona. Amevipenda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefuma jipya. Safari hii nimetafuta vijiwe. Nimeenda na Queen mpaka ziwani, tumeokota vile vidogo laini vilivyolambwa na maji, nimevichemsha, nimevishonea kifuko chao, nimekiweka katikati ya pamba. Jiwe haliwezi kuota.

Mama amelivaa. Ametembea. Ameinama akaokota kijiko cha Queen, akaokota tena makusudi. Akasema kesho atakuja kanisani, ni Jumapili ya mavuno. Amesema tu hivyo, kama mtu anayesema kesho tutakula ugali. Nikaenda nje nikasimama kidogo.

Amenipa nilikaze mshono mmoja. Nimelikaza, nimeliweka juu ya kapu la vitambaa vya mnada wa kanisa nisilisahau.

Jumapili, 20 Oktoba

Asubuhi titi halionekani. Tumetafuta chini ya kitanda, kwenye masufuria, mdomoni kwa Queen. Mama amekaa amevaa nusu. Nikajua hapa basi, anavua, anarudi kitandani. Mama akasimama. Kisha akajitanda kitenge kikubwa, akasema, "Tutachelewa."

Ibada ikaenda vizuri. Mama alikaa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye benchi la mbele lilikuwa kama kiti cha nyumbani kwake. Baadaye tukatoka nje kwa mnada, Mzee Maige ndiye anayenadi kila mwaka. Ameuza jogoo. Ameuza mkungu wa ndizi. Akafika kwenye kapu letu. Akatoa kitambaa cha kochi, kikaenda. Akatoa kingine. Akaingiza mkono tena, akatoa titi.

Nikamwangalia Byabato maana kapu alibeba yeye. Akaninong'oneza kwamba asubuhi aliliona pale juu, akaona aibu, akalifunika haraka na vitambaa. Hata tulipokuwa tunatafuta hakulitaja. Alidhani tunatafuta kijiko.

Mzee Maige alilinyanyua juu. Alikuwa amelishika kwa chuchu.

"Na hapa," akasema, "tuna kofia ya mtoto mchanga. Tazameni kazi ya mikono. Ina kishikio chake juu. Na ni nzito, hii upepo wa ziwani hauiondoi."

Jonathan wa benki, ambaye mkewe amejifungua, akasema elfu tano. Dada Hellen akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Queen akanyoosha kidole akasema, "Nyonyo." Hakuna aliyemsikiliza.

Kutoka nyuma ukutani nikasikia, "Elfu saba." Ni mama.

"Mwalimu!" Mzee Maige akafurahi. "Tumekukosa sana. Kuna mjukuu mwingine anakuja?"

Watu wote wakaniangalia tumboni. Byabato naye akaniangalia tumboni.

Jonathan akasema kumi. Mama akasema kumi na mbili. Jonathan akageuka amwone anayeshindana naye, akakutana na ule uso wa darasani, akasema basi, mwanangu ana kofia nyingine.

Sasa kwetu anayenunua mnadani mara nyingi hachukui, anamzawadia mtu. Kwa kawaida mchungaji. Ndiyo maana mchungaji wetu ana majogoo wengi namna ile. "Mwalimu, unamzawadia nani?" Mzee Maige akauliza. "Mchungaji?"

Mchungaji akatabasamu, akajiweka tayari.

Mama akatoka ukutani, akapita katikati ya uwanja taratibu. Ni pale pale ilipoanguka soksi. Akafika mbele.

"Hapana," akasema. "Siyo kofia, Mzee Maige. Ni titi. Langu walilikata mwezi wa sita. Naomba unipe."

Hakupaza sauti. Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea kuongea. Mzee Maige alikuwa bado amelinyanyua. Akalishusha. Akaacha chuchu, akaliweka kwenye viganja viwili, akainama kidogo, akampa kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Samahani, Mwalimu."

"Asante."

Mchungaji akapewa vitunguu.

Nilikuwa nakunja kapu Mzee Maige alipokuja. Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ndogo. Kumbe anayo.

"Mama Queen," akasema, "Evelina, mke wangu, haji kanisani tangu Pasaka. Huwa nasema ni miguu." Akatazama viganja vyake. "Siyo miguu. Sasa ninyi mnapimaje?"

Nikamwambia bakuli. Blauzi na bakuli, jaribu mpaka liingie sawa. Akasema kwao yapo mabakuli mengi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilidhani jana imemaliza mambo yote. Leo mama hajala. Amesema tumbo.

Nimekaa naye. Nikamwambia mama, watu wameshajua, hakuna wa kukucheka. Akasema, "Watu siwaogopi tena. Jana ilikuwa watu. Kesho ni dripu." Anasema dripu ile ya mwisho ilimtapisha mpaka akasahau jina la mwanawe. Alimwita Byabato kwa jina la marehemu baba yake na Byabato akaitika.

Kumbe kulikuwa na kitu chini ya kitu.

Nikamwambia nitaenda naye, nitashika beseni, na Queen tutamwacha kwa dada Hellen. Dada Hellen ameshaongea na bajaji, kikundi kinalipa, inakuja asubuhi.

Mama akasema, "Nimesikia."

Byabato alikuwa mlangoni. Amelisikia hilo neno. Ameenda kuchomelea.

Jumanne, 22 Oktoba

Kumekucha. Nimechemsha chai. Mlango wa mama umefungwa. Ndani kimya. Byabato anazunguka uani na kikombe chake, hanywi.

Queen amekaa chini mbele ya mlango wa mama, anaupiga kwa kiganja. Bibi, anasema. Bibi hajibu.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Sitaki kubisha. Nikibisha atasema tumbo, na akishalisema ndiyo limekwisha.

Bajaji imefika. Dereva amezima injini, anafuta kioo.

Byabato ameniita nje kwa ishara. Kwenye kiti cha plastiki, kando ya dirisha la mama, kuna soksi. Zimefuliwa, zimekauka, zimekunjwa. Sijui amezitoa saa ngapi. Byabato amezishika moja moja. "Zimerudi," akasema. Akakaa kwenye kile kiti, akavua viatu, akavaa jozi. Ni mara ya kwanza miguu yake inafanana tangu Agosti. Kisha akaendelea kukaa pale anaitazama miguu, nami nikarudi ndani nisimwone usoni.

Chai inapoa. Nimesikia kabati limefunguliwa. Limefungwa. Vijiwe vimelia kidogo, nadhani ameangusha, ameokota. Sasa anatembea mpaka dirishani na kurudi. Akikaa tena kitandani nitajua. Bado hajakaa. Bado anate

Ameita. Anasema Mama Queen, njoo haraka uniangalie kama yanalingana, na lile beseni ulishalitia kwenye baja