Ubeti wa Mwisho Ulikuwa na Jina Lako

Baba Faith,

Ni Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi. Nimekaa kitandani kwangu hapa kempu ya walinzi, Industrial Area, nchi ya watu, gitaa lako liko magotini. Wenzetu wa chumbani wameenda kanisani Mesaimeer, maana huku siku ya mapumziko na ibada ni Ijumaa. Mimi nimesema naumwa na kichwa. Saa saba redio ya nyumbani itanipigia nizungumze hewani, na kabla ya hapo kuna jambo lazima nikuambie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye niliyekukosea.

Nimekuibia wimbo.

Sikupanga. Najua kila mwizi husema hivyo, lakini nisikilize. Unakumbuka ulivyokuwa unatunga. Getini kule Umm Salal simu hairuhusiwi na kalamu ni ya kitabu cha wageni tu, kwa hiyo ulikuwa unasimama zamu nzima ya saa kumi na mbili na mstari mmoja kichwani. Nikija kukupokea zamu unanikabidhi funguo, unanikabidhi kitabu, halafu unaniimbia ule mstari mara mbili. "Rono, kaa nao. Ukiupoteza, haukuwa mzuri." Ukirudi kunipokea, nakurudishia. Mingine niliipoteza makusudi, ile ya kusifu mafahali, na hukuwahi kujua. Sasa unajua.

Wimbo wa Faith ulichukua miezi minne hivyo. Beti tano za binti aliyezaliwa baba yake akiwa mbali, anayemwonyesha kwenye simu pengo la jino. Na ubeti wa tano, kama ilivyo kawaida ya waimbaji wa kantri kwetu, ulikutaja mwenyewe: jina lako, la mama yako, na kilima mnakotoka. Ulikuwa unaniambia bila ubeti huo wimbo haujaisha. Nami nilikuamini, kwa sababu wewe ndiye uliyepigwa redioni kila Jumapili, wewe ndiye uliyezunguka harusi za Bomet nzima na kofia yako pana na buti, mpaka watu walipoanza kuita madijei na ukaja kufungua mageti pamoja nasi.

Siku mbili baada ya kuumaliza, nilikuja jioni kukupokea zamu nikakuta mtu mwingine ameshika funguo. Ulikuwa umeanguka mchana. Moyo, walisema.

Mwili wako ulikaa mochari wiki tatu ukingoja karatasi za kukurudisha nyumbani. Ijumaa moja vijana wakakusanyika kwenye mesi, pale tunapokula, kukuombea. Wakaniambia niimbe chochote, maana gitaa lako lilikuwa kwangu, nami nikachagua ule wa Faith, ambao hakuna mwingine aliyeujua. Nikafika ubeti wa mwisho. Mama yangu alinilea akisema jina la marehemu haliimbwi kabla hajazikwa, asije akadhani anaitwa. Na wewe ulikuwa hujazikwa, Kibet. Ulimi ukakataa. Nikaweka mama yangu, kilima chetu, na jina langu. Lilikaa vizuri pale, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mtu alirekodi. Kufikia Jumatatu video ilikuwa imefika Bomet.

Ulipozikwa sikuwa na kisingizio tena. Ningeandika maneno mawili tu chini ya video, yangetosha. Badala yake nikawa nasoma watu walivyoandika. Rono anaimba kama watu wa zamani. Rono ametuliza roho zetu. Rono alikuwa wapi siku zote? Miaka minane nafungua geti nafunga geti, hakuna aliyewahi kuuliza nilikuwa wapi. Nilifurahi. Siwezi kukudanganya, nilifurahi mpaka nikanunua kofia.

Mstari mmoja ni wangu kweli, ule wa jino kutupwa juu ya paa. Nilikurudishia umebadilika, ukacheka, ukasema uache hivyo. Nimeushikilia mstari huo mwezi mzima nikijiambia basi wimbo ni wetu. Si wetu. Mstari mmoja si wimbo.

Mama Faith alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikaa nao nusu siku bila kuufungua, nikidhani atanitukana. "Shemeji, nimesikia wimbo. Asante kwa kumwimbia mtoto." Basi. Hajui. Hukuwahi kumwimbia kitu ambacho hakijakamilika, wewe na maringo yako, kwa hiyo hakuna anayejua isipokuwa mimi. Ningeweza kunyamaza mpaka nife. Na nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Halafu juzi akanitumia video. Shule zimefungwa, Faith amesimama mbele ya nyumba, meno mawili ya mbele hayapo, anaimba beti zote bila kukosea. Anafika wa mwisho. Anafumba macho, vile ulivyokuwa unafumba. Anaimba jina langu.

Mtoto wako, Kibet. Jina langu.

Mtangazaji ameniambia nijiandae kueleza nilivyoutunga, na Desemba nimeshaalikwa jukwaani Kericho. Nikisema ukweli, Kericho imekwenda. Hapa kempu nitaitwa mtu aliyemwibia maiti. Mama Faith huenda asiniite shemeji tena, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Ameniandikia asubuhi hii kwamba wamekaa na redio, yeye na mtoto. Nimekaza nyuzi mara tatu na bado naona hazijakaa.

Sasa ni saa saba kasoro dakika chache, na lazima nikuache. Pumzika, Baba Faith. Nilikupenda, na nilikuonea wivu, yote mawili kwa pamoja, na nadhani ulijua. Nakuahidi sitajificha nyuma ya maneno ya mama yangu. Nakuahidi mtoto atalisikia jina la baba yake leo, kutoka kwa mdomo uleule uliomfundisha vibaya.

Mtangazaji anataka nianze na ubeti wa kwanza. Lakini najijua mimi. Beti nne ni ndefu, naweza kubadili nia njiani.

Simu inaita. Naanza na wa mwisho.