Tangu Nipone Dengi, Kila Mshono Naona Umepinda

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla sijaharibu gauni la watu na kabla sijaharibikiwa mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na kituo cha mafuta, na mwezi uliopita niliugua dengi, ile homa ya mbu, nikalala hoi mpaka mume wangu akawa ananinywesha maji kwa kijiko, nikapona, nikamshukuru Mungu, nikarudi kazini, na hapo ndipo balaa likaanza, maana kila mshono naona umepinda katikati, naufumua, naushona upya, bado umepinda, nikamlaumu fundi wa mashine, masikini akaifungua yote na kuniapia haina kasoro, mpaka juzi wifi yangu akalijaribu gauni lake la harusi akaniuliza, "Wifi, mbona mgongoni limekwenda upande?" Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe nilikuwa nafumua mishono iliyonyooka na kuipindisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Nyumbani nikaziba jicho la kushoto, nikatazama fremu ya mlango, nikaiona imebonyea, na usoni kwa mume wangu, pale penye pua, pana doa la kijivu. Sikumwambia, nikacheka tu. Mama mkwe nilimdanganya kuwa macho yananiwasha, akanipa matone aliyobakiza alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, natia kila siku na nafuu sioni. Hospitali naogopa, mshauri, naogopa kuambiwa niache kushona, na mimi bila cherehani ni nani? Usingizi sipati. Je, ningoje harusi ipite kwanza?

Fundi mwenye hofu

Fundi, pole sana, na pole hiyo inatoka moyoni. Sasa kaa nikuseme. Umemfungulisha mwenzio mashine nzima kabla hujalishuku jicho lako! Dengi inaweza kwisha mwilini ikaacha uvimbe ndani kabisa, nyuma ya jicho, palepale tunapotumia kusoma na kutunga uzi, ndiyo maana mistari inapinda na doa linakaa katikati. Wengi huona vizuri tena, wengine hubaki na kasoro. Wewe utaangukia wapi mimi sijui, na mama mkwe wako ndiyo kabisa. Matone yake acha kutia leo hii, dawa ya jicho la mwenzio inaweza kukuongezea ugonjwa. Kichupa kibebe ukamwonyeshe daktari.

Habari ya kungoja harusi futa. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa macho, siyo duka la miwani, na kabla hajakugusa mwambie ulikuwa na dengi. Giza likizidi au jicho likianza kuuma, usingoje hiyo kesho. Mumeo mwambie leo, tena uende naye, maana watakutia dawa ya kupanua mboni na njia ya kurudi hutaiona vizuri.

Gauni mpe fundi mwingine amalizie. Wifi atanuna, kisha atanyamaza. Unasema unaogopa daktari atakunyang'anya kazi. Dada yangu, kazi umeshanyang'anywa na dengi. Kwa daktari unakwenda kuidai.