Baba Ameacha Mionzi kwa Neno Langu

Mpendwa mshauri, nimechoka hata kulia, naomba unisikilize. Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kupaka dawa vipande vya uvimbe wa wagonjwa wa saratani, na protini fulani ikiwa nyingi kipande hugeuka kahawia iliyokolea, na wenye rangi hiyo wengi wao hawafiki mbali, sasa kikaletwa kipande cha baba yangu mzazi, saratani ya njia ya haja kubwa, na utaratibu wetu ni kwamba kazi ya ndugu yako anafanya mwenzako, lakini nikang'ang'ania, nikatia jicho kwenye hadubini, nikakuta kahawia tupu, na niliporudi nyumbani baba, ambaye ni fundi cherehani, akasimamisha mashine akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayeona ndani, hiyo mionzi daktari aliyoniandikia, niende au nipumzike?" nami nikamjibu, "Pumzika tu, baba," nikidhani namhurumia, basi tangu siku hiyo hajakanyaga hospitali, daktari akipiga simu hapokei, mama anasema, "Binti yake kasema, nani abishe?" na mimi kila nikimwona anakata kitambaa najiona kama namzika akiwa hai. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

Binti wa Fundi, pole. Kubeba jambo hilo peke yako huku unasalimia watu kazini si mchezo. Lakini pole yangu inaishia hapo. Nani alikupa udaktari? Rangi ile inaeleza wagonjwa wengi wakijumlishwa, haisemi baba yako atakuwa yupi kati yao. Hata kwenye kundi baya wapo waliopona, na sasa hivi wako kwa mafundi wanapimwa suruali. Tena huenda daktari ameiona rangi hiyo hiyo, ndiyo maana hachoki kupiga simu. Wewe umeona moshi, ukamwambia mwenye nyumba alale.

Majuto ni mjukuu, na wako bado hajazaliwa, kwa hiyo amka. Kesho asubuhi mpigie daktari, umweleze ulichofanya bila kupunguza. Atakukaripia, vumilia. Kisha kaa na baba, mwambie ulimjibu kwa hofu, na maelezo yenyewe yako kwa daktari. Uamuzi ni wake, ila aamue akijua.

Mama naye mwambie aache kukuogopa. Na baba akikuuliza tena aende au apumzike, usianze kutafuta maneno. Nadhani tangu mwanzo alitaka kujua kama ataenda peke yake. Mjibu, "Twende, baba," na viatu uwe umeshavaa.