Ukurasa wa Mbele Sikumsomea Bi Mauza

Kariakoo, 11 Februari 1938

Bwana Mshauri mpendwa,

Baada ya salamu, nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, maana walio karibu nami ama wamo ndani yake ama watalitangaza, kwa hiyo nakuomba unisaidie upesi na usinionee haya. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, Mkristo, nina mke, nimesoma chuo cha Uganda hadi nikapata cheti, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa karani katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni kuandika habari za maisha ya watu wa mjini, nani mgonjwa, nani hana kazi, nyumba gani ina watu wangapi, na mwaka jana ikatangazwa kwamba mtu mmoja atapelekwa Uingereza miaka miwili kusomea shahada ya juu ya ustawi wa jamii, na kila anayeitaka nafasi hiyo aandike juu ya shida moja ya watu wa mji huu aliyoichunguza yeye mwenyewe.

Nilipomweleza mjomba wangu Kasmir, mwenye duka la jumla hapa Kariakoo, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, akasema, "Miaka miwili Ulaya kusomea shida? Kaa hapa dukani wiki moja tu, shida zitakuja zenyewe na vikapu vyao." Lakini mimi naitaka elimu hiyo kuliko kitu chochote, Bwana Mshauri, kwa kuwa nimechoka kuandika kwamba watu wana njaa na kuweka karatasi kabatini, nataka kujua kinachofanywa baada ya karatasi.

Nikachagua kuandika juu ya wajane walio edani, maana hapa mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, nami nikataka kujua ni nani anayemlisha muda huo wote. Tumepanga chumba kwa Bi Mauza, mjane wa asili ya Kiarabu anayefundisha wasichana Kurani, na kwa ajili ya kazi hiyo hakuna nyumba asiyoingia, basi nikamwomba anisaidie, naye akakubali siku ile ile. Kwa miezi mitano aliingia uani kwa wajane saba, na kila alasiri mimi nilikaa barazani, yeye ukumbini nyuma ya pazia, mke wangu Theopista kando yake anachambua mchele, akatusomea aliyoyaandika katika daftari lake kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi sijui hata moja, nami nikayaandika kwa herufi zangu.

Bi Mauza hakuwa akimwuliza mtu kama amekula. Alikuwa akitazama sahani. Jirani akipeleka chakula kwa mfiwa hukifunika kawa, na sahani ya mtu hairudishwi tupu, lazima irudi na kitu japo maandazi mawili, sasa mwenye nyumba asiye na cha kutia huiweka sahani akingoja apate, na zikazidi kuja, na zikazidi kukaa. Kwa hiyo nyumba yenye sahani nyingi za watu rafuni ndiyo yenye njaa, ijapokuwa mgeni akiingia ataiona ni nyumba inayoletewa vyakula. Jambo hili nilipolisikia nilisimama barazani pale bila kujua nimesimama.

Katika andiko langu nimesema "nilikaa nao uani" na "niliwauliza," kwa sababu maagizo yalitaka uchunguzi wa mtu mwenyewe, na majina ya mitaa na namba za nyumba nimeziweka zote ili isisemwe kwamba nimebuni. Jina la Bi Mauza sikuliweka. Niliona kwamba yeye ni mwanamke wa stara na haipendezi jina lake kuzagaa maofisini.

Sasa andiko limepita, nimebaki mimi na mtu mwingine mmoja, na nimeitwa mbele ya kamati mwisho wa mwezi ujao, bwana mmoja wa serikali, bibi mmoja Mzungu, na Sheikh Ubeid, mzee wa Mchafukoge. Wameniandikia hivi: "Andiko lako limetushangaza. Utakapofika utueleze, wewe mwanamume na mgeni wa mji, uliwezaje kuketi na wajane hawa saba." Naona wameupenda ujasiri wangu, lakini sijui niseme nini, maana nikimtaja Bi Mauza watasema kazi si yangu na nafasi apewe mwenzangu, na nikinyamaza naona haya, kwa kuwa yule mama ametuombea dua ya safari na mara tatu sasa ameniambia, "Baba, hebu nisomee na ule ukurasa wa mbele," nami kila mara nikaanza wa pili. Theopista alikuwapo mara zote tatu. Tangu ile ya mwisho hanisemeshi ila la lazima, na nyumbani Kilimanjaro baba ameshachinja mbuzi na padre ametangaza kanisani.

Nimtaje au nisimtaje? Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi,
Karani, Kariakoo

*

Karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, nami nitakujibu kwa kufuata njia hiyo hiyo.

Huruma haitachukua nafasi kubwa. Kutaka kusoma si kosa, na mjomba wako acheke mpaka gunia lipasuke. Mji huu umejaa watu wanaowahurumia wenzao, ila wanaojua la kufanya kesho yake asubuhi ni wachache, na kama kuna mahali linafundishwa, mtu aende akafundishwe. Ungekuwa hujali usingesimama pale barazani. Hilo nimeliona na nimekuwekea.

Sasa sikiliza. Barua ya kamati umeichukua kuwa sifa, nayo si sifa, ni swali, na anayeuliza ana jibu lake tayari.

Umeniita Bwana Mshauri. Wengi huniita hivyo nami hunyamaza, kwa kuwa mwenye gazeti aliona itafaa zaidi. Leo sinyamazi. Mimi ni mwanamke, na eda nimeikaa mara mbili, ya kwanza Ilala na ya pili hapo hapo Kariakoo ulipo wewe. Mjane aliye edani haonani na mwanamume yeyote anayeweza kumwoa. Paa langu lilipovuja, fundi alipandia nje, na maneno yangu na yake yakapitia kwa dada yangu, "Mwambie aanzie upande wa choo." Wewe uko mwaka wa tatu mji huu, umepanga kwa Bi Mauza, ukadhani eda ni kukaa ndani tu, kama mtu mwenye homa. Hukuuliza. Naye hakuwaza kukueleza, kwa sababu hapa jambo hilo hata mtoto anayejifunza alifu analijua.

Basi tazama ulichoandika. Umeandika kwamba wajane saba, mtaa huu na nyumba namba hii, waliketi uani na mwanamume mgeni ilhali waume zao hawajatimiza miezi minne kaburini. Bwana wa serikali hawezi kuliona hilo. Sheikh Ubeid ameliona kabla hajafunua ukurasa wa pili, na kama mmoja wa wanawake hao ni jamaa yake, au jamaa ya rafiki yake, unadhani sasa hivi anasema nini huko Mchafukoge? Ndugu wa marehemu wakisikia watamwuliza mjane, naye ataapa, na karatasi yako itamkana. Wewe unaogopa kuikosa meli. Wao wataharibikiwa heshima, na hata hawajui kwamba kuna karatasi.

Kisha ukaongeza "niliwauliza." Umemwuliza nani? Hakuulizwa mtu! Yule mama alizitazama sahani makusudi, ili asiwepo mwanamke wa kulazimika kufungua kinywa aseme sina. Hiyo ndiyo elimu yenyewe unayotaka kuipandia meli, nawe umeifuta ukaweka kuuliza, ambako kila karani anakuweza.

Na maelezo yako ya stara yamenichosha. Unasema ni mwanamke wa stara, haipendezi jina lake kuzagaa. Amekuambia hivyo? Nimelitafuta neno hilo katika barua yako yote nisilione. Nililoliona ni kwamba mara tatu amekuomba umsomee ukurasa wa mbele. Anayeogopa kutajwa haombi asomewe mahali yanapokaa majina. Ametembea jua la miezi mitano, hawezi kuzisoma herufi zako kama wewe usivyoweza kuzisoma zake, akakuamini, na anachotaka kujua ni kama yumo. Mkeo alilielewa siku ya kwanza. Ndiyo maana nyumbani kwako kumekuwa kimya, na kimya hicho umekipata kwa haki.

Sasa fanya hivi. Kesho baada ya alasiri kaa barazani pako, Theopista awepo, umwambie Bi Mauza ulichoandika juu ya wajane, neno kwa neno, pamoja na namba za nyumba. Usianze na Ulaya, wala mbuzi wa baba, wala padre. Atakasirika, na huenda akanyanyuka akaingia ndani bila kukujibu. Mngoje. Akirudi, mwulize wale wanawake saba waambiweje, na atakalosema lifanye hivyo hivyo, kwa kuwa nyumba zile anaziingia yeye.

Siku hiyo hiyo iandikie kamati. Usingoje uitwe, maana mbele ya kamati mtu hukiri akiwa amebanwa, na aliyebanwa hasadikiwi. Sema hukuketi na mjane hata mmoja, hukuuliza swali hata moja, aliyeingia ni mwanamke, na wewe uliandika aliyokusomea nyuma ya pazia. Omba andiko lirudishwe, ufute namba za nyumba zote, na barua kama hiyo mpelekee Sheikh Ubeid mkononi, uende mwenyewe, uvae vizuri, useme shikamoo na uombe radhi. Ukinyamaza kwa haya, wanaoaibika ni wale wajane.

Najua unataka pia kujua kama nafasi utaipata. Sijui. Yaelekea atapewa mwenzako, nawe utaumia, na Kasmir atacheka tena, na nafasi nyingine ikitokea utaomba ukiwa na kazi isiyo na uongo ndani yake. Ama kamati itaona kwamba mtu aliyejua kumtafuta Bi Mauza, na akajua kusema kweli juu yake, anafaa kusomeshwa. Mimi ningekupeleka, lakini si leo.

Majina yote katika barua yako, na la yule mama pia, nimeyabadili kabla hayajafika mtamboni. Imenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Wewe ulikuwa na miezi mitano.

Imebaki kazi moja. Andika upya. Mwulize Bi Mauza anataka atajweje. Akiridhia, weka jina lake juu na lako chini yake. Asiporidhia, andika "mwanamke mmoja wa Kariakoo." Lakini kila palipoandikwa "nilikaa" na "niliwauliza," futa. Kisha mwite ukumbini umsomee, na safari hii anza na ukurasa wa mbele.